Tupeane uzoefu: mbio za Vespa na skuta wikiendi ya klabu, nini kinaangusha watu na kinazuiliwaje

Koni Tisa (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Mbio hizi za wikiendi si za mwenye injini kubwa. Mara nyingi Vespa 200 iliyofungwa vikorombwezo vyote inarudi nyumbani juu ya Kirikuu (gari dogo la mizigo), na aliyekuja na 125 ya kawaida ndiye anayepigiwa makofi. Kinachoangusha watu ni vitu vya bei ya soda: kota pini, waya wa klachi, jeti, plagi ya urefu usio wake, nati iliyokazwa nusu.

Mnajua ratiba ilivyo. Jumamosi msafara kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, Jumapili mbio kwenye kiwanja cha moramu. Chombo ni kilekile siku zote mbili, na hapo ndipo kazi ilipo. Karibuni mseme mnayoyajua, kwa aina zote mbili: zile za gia za mkono zinazochanganya oili na petroli (Vespa PX, Bajaj Chetak na ndugu zake) na hizi otomatiki zenye injini ya GY6 ya 125 na 150.

Sharti moja tu: wekeni namba. "Kaza vizuri" haisaidii mtu. Sema nati gani, kwa spana gani, na isipokazwa kinatokea nini.

Fundi wa Mabatini

Tuanze na hewa, maana inawachanganya sana wanaoleta vyombo kutoka Dar au Tanga.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja chochote Mwanza kiko hapo au juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10, na nguvu ya injini inapungua karibu kiasi hichohicho. Hilo halina dawa. Lenye dawa ni mchanganyiko. Petroli inayotoka kwenye jeti (kipande chenye tundu dogo linalopima petroli ndani ya kabureta) haipungui sawasawa na hewa, kwa hiyo chombo kilichosetiwa pwani kikifika huku kinazidiwa petroli kwa asilimia 5 au 6. Utakisikia kinakohoa juu ya resi, moshi mzito, plagi nyeusi.

Sasa angalieni hapa kwa makini. Namba ya jeti ya kabureta ya Dell'Orto ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti 100 ina tundu la mm 1.00. Petroli inapita kwa eneo la tundu, na eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo. Ukitaka kupunguza petroli asilimia 5, kipenyo unakishusha asilimia 2.5 tu. Yaani 100 inakuwa 98 au 97, basi. Anayeshuka mpaka 92 kwa hoja ya "huku juu hewa nyepesi" anatengeneza kibaniko cha pistoni.

Ukibadilisha ekzosi ukaweka inayopumua zaidi, hesabu inageuka: hapo unapanda jeti. Ekzosi mpya na jeti ya zamani ndio mchanganyiko unaoua pistoni nyingi kuliko kitu kingine, na pistoni haifi gereji, inafia kiwanjani resi ikiwa imefunguliwa yote.

Kuhakikisha jeti:

Weka plagi safi. Pasha injini dakika 5. Tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo barabara ya watu, ufungue resi yote kwenye gia ya 3 kwa mita 300 mpaka 400. Halafu kwa mara moja vuta klachi, zima swichi, achia resi, acha chombo kiteleze mpaka kisimame. Usikiache kingurume kwenye sailensa (injini ikizunguka taratibu bila resi), maana rangi ya sailensa itafunika rangi ya resi na utasoma uongo. Fungua plagi. Ikiwa na rangi ya karanga zilizokaangwa, uko sawa. Nyeupe kama chokaa, ongeza jeti kabla hujapiga kiki nyingine. Nyeusi yenye masizi makavu, punguza hatua moja.

Na kuhusu plagi yenyewe: PX 125 na 150 zinachukua ya uzi mfupi, mm 12.7 (NGK B7HS). PX 200 inachukua ya uzi mrefu, mm 19 (B7ES). Ukiazima plagi ya 200 ukaifunga kwenye 150, kiki ya kwanza utasikia pistoni inaigonga. Kinyume chake, fupi kwenye 200, injini itawaka lakini moto unakuwa umejificha ndani ya tundu, nguvu hakuna, na uzi uliobaki wazi unajaa masizi, kuja kufunga ndefu tena inakuwa ugomvi. Kwa NGK namba ikipanda plagi inapoza zaidi. Siku ya mbio 7 inatosha. 8 kwa injini isiyoguswa itajaa oili kabla hujafika mstari wa kuanzia.

Sato Mbichi

Asante fundi. Swali: kuna wanaosema siku ya mbio oili izidishwe, badala ya asilimia 2 iwe 4, eti injini isichemke. Ni kweli?

Fundi wa Mabatini

Si kweli, na ubaya wake ni wa kinyume. Oili ikizidi, ndani ya kila tone linalopita kwenye jeti petroli imepungua. Kwa hiyo mchanganyiko na hewa unakuwa mwembamba, injini inachemka zaidi, na juu yake plagi inapaka.

Asilimia 2 ni ml 20 kwa lita. Lita 5 ni ml 100. Nunua sirinji ya ml 50 duka la dawa, vuta mara 2, umemaliza. Vizibo vya chupa havina kipimo, kila chupa ina kizibo chake. Oili iwe ya 2T, yaani ya injini za kuchanganya. Oili ya gari ya namba 40 ina vitu visivyoungua vizuri, inaacha jivu kwenye plagi na mkaa kwenye tundu la ekzosi.

Changanyia kwenye dumu, si kwenye tangi. Weka nusu ya petroli, mimina oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Ukimimina oili moja kwa moja tangini inazama chini kwenye koki, na kitu cha kwanza kabureta inachokunywa asubuhi ni oili tupu. Chombo hakiwaki, unapiga kiki mpaka mguu unavimba, kumbe hakina ugonjwa wowote. Na wale wenye Vespa yenye pampu yake ya oili, msichanganye tena tangini. Jazeni tangi la oili, angalieni kioo chake, mwisho.

Kabla sijasahau: tundu la hewa la mfuniko wa tangi. Vumbi la moramu likiliziba, chombo kinakwenda dakika 3 au 4 vizuri kisha kinakata kama kimeishiwa. Ukifungua mfuniko unasikia "fyuu", unafunga, kinawaka. Watu wanabomoa kabureta nzima kwa kosa la tundu la pini.

Kiki Tatu

Naongezea dalili za hewa ya wizi, maana fundi kagusia pistoni tu.

Ukiachia resi na injini ikabaki inalia juu sekunde 2 au 3 kabla ya kushuka, kuna hewa inayoingia pasipopitia kabureta. Anza na bolti 2 zinazoshika kabureta, zinalegea kwa mtetemo wa msafara wa Jumamosi. Kama zimekaza, shuku oili siili (mipira inayoziba pembeni mwa shafti ya injini). Ya upande wa magineti (gurudumu linalozalisha umeme wa injini) ikivuja, injini inavuta hewa na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inakunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, na oili ya giaboksi inapungua bila kuonekana chini. Giaboksi ya PX inabeba ml 250 tu za SAE 30, kwa hiyo ikipungua kidogo imepungua sana. Unajaza mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia, chombo kikiwa kimesimama wima.

Nyaya: beba waya wa ndani wa klachi 1, wa resi 1, wa gia 1. Klachi iachwe na ulegevu wa mm 2 hivi kwenye mkono kabla haijaanza kuvuta. Bila ulegevu klachi inateleza, sahani zinaungua, na ukifika mstari wa mbio injini inapiga kelele chombo kinakwenda kwa hisani. Ukiwa na ulegevu mwingi haikati, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na chombo kinaruka kabla ya bendera. Hiyo ni adhabu ya kuanza mapema, na si kosa la dereva.

Gia ikiruka yenyewe kwenye ya 2 ukiwa umefungua resi, usiangaike na nyaya siku nzima. Ukishazikaza sawasawa na bado inaruka, ni msalaba wa gia umelika. Kazi hiyo ni ya kupasua injini, haifanyiki kiwanjani. Kimbia kwa gia ya 3 au kaa utazame wenzio.

Belti 743

Wacha niwasemee wenye otomatiki, maana uzi wa Vespa huwa tunasahaulika kama watoto wa kambo.

Kwenye GY6 mbio zako zote ziko ndani ya kasha la kushoto: belti, rola 6 (vipande vya uzito ndani ya puli ya mbele), klachi ya nyuma. Rola za 125 na 150 ni mm 18 kwa 14. Uzito ndio unaoamua injini itapanda resi kiasi gani kabla puli haijabadilisha uwiano. Rola nyepesi, injini inalia juu na chombo kinatoka kwa nguvu, lakini mwendo wa mwisho unapungua. Nzito, kinyume chake. Kama zilizomo ni gramu 13, kwa kiwanja cha kona nyingi jaribu 11. Usiruke mpaka 8. Injini italia mpaka mwisho, chombo kitabaki pale pale.

Jambo la pili, rola zote 6 ziwe na uzito mmoja. Zilizotumika zinalika upande mmoja na kuwa bapa, moja inabaki na gramu 12.4 nyingine 11.7, na chombo kinatetema kikiondoka. Mizani ya jikoni haisomi hivyo. Huku kwetu hatuna shida, mji umejaa wanunuzi wa dhahabu. Mizani ya sonara inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na mwenyewe hakutozi kitu kwa kupima vipande sita vya plastiki. Atakushangaa tu.

Kufunga, na hapa ndipo wengi wanaharibu:

Kabla ya kurudisha uso wa nje wa puli ya mbele, kamata belti pale puli ya nyuma uibane kwa mikono mpaka izame ndani ya puli. Mbele itapata ulegevu. Ndipo uingize uso wa puli mpaka ukae kwenye meno ya shafti, ndipo ukaze nati. Usipofanya hivyo, belti inabanwa katikati ya nyuso mbili na wewe unahisi nati imekaza, kumbe umekaza juu ya mpira. Ukiondoka mara ya kwanza belti inapanda, nafasi inatokea, nati iko huru, na meno ya uso wa puli yanasagika ndani ya mzunguko mmoja. Ukimaliza kukaza, zungusha puli kwa mkono mara kadhaa uone belti inakimbia sawa, kisha rudia kukaza.

Belti ya 150 imeandikwa 743-20-30, yaani urefu mm 743, upana mm 20, na pembe ya nyuzi 30. Pima upana kwa vernia. Ikifika mm 19 itoe, kaa nayo kama akiba ya kurudia nyumbani. Nyuso za puli zifutwe kwa kitambaa chenye petroli mpaka kidole kiteleze kikavu. Tone moja la grisi pale ni sawa na kupaka mlenda kwenye ngazi.

Valvu: 0.08 mpaka 0.10 mm, injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya magineti ikiwa kwenye mstari na tundu kubwa la gia ya kemu likiwa juu. Ukipima injini ikiwa ya moto umepoteza muda wako. Plagi ya CR7HSA, pengo 0.6 mpaka 0.7.

Mama Kota Pini

Nimesoma mpaka hapa, injini, injini, injini. Nani kasema kuhusu kusimama?

Vespa na Chetak zinatumia tairi 3.50-10. Rimu ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati, na nati nyingine 5 zinashika gurudumu kwenye habu. Zote spana namba 13, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mkono unaokwenda haraka hautofautishi. Ukilegeza zile za kuunganisha rimu tairi likiwa na upepo, vipande vinaachana kwa nguvu usoni kwako. Toa upepo wote kwanza, toa na sindano ya vali, ndipo uguse. Kurudisha, jaza mpira wa ndani upepo kidogo tu ujitandaze, pitisha kidole kuzunguka uhakikishe hakuna ngozi yake iliyochungulia kati ya vipande, ndipo ukaze nati kwa msalaba. Ukiubana, hautapasuka hapo. Utapasuka Jumapili.

Upepo kwa mtu mmoja kwenye lami: mbele psi 18, nyuma psi 25 au 26. Kwenye moramu watu wanapenda kupunguza. Mbele usishuke chini ya 15. Tairi hizi zina mpira wa ndani, upepo ukiwa mdogo tairi linazunguka juu ya rimu wakati wa breki, linaburuza mpira, na vali inakatika shingoni. Piga mstari wa chaki kutoka tairi hadi rimu. Mstari ukiachana baada ya mizunguko ya mazoezi, ongeza upepo.

Breki za dramu. Fungua, piga msasa mkavu namba 80 kwenye shuu mpaka mng'ao uishe, pulizia vumbi nje ukiwa umefunika pua. Kama dramu ina mkwaruzo unaokamata ukucha, kuisafisha kwa msasa hakutoshi. Mbele wacha ulegevu mdogo kwenye mkono. Waya uliokazwa mno utafanya shuu ziguse muda wote, dramu inachemka, na mzunguko wa tano mkono unakuja mpaka kwenye mshikio bila kitu. Dramu ikishachemka haihitaji kukazwa zaidi, inahitaji kupoa.

Habu ya nyuma ina nati kubwa yenye kifuniko na kota pini. Kota pini mpya kila ukifungua. Msumari uliokunjwa si kota pini. Ikilegea, meno ya habu yanaanza kula meno ya shafti, na utasikia "kla" moja kila unapoachia na kufungua resi. Sauti hiyo ukiisikia, simama palepale.

Mwisho, stendi ya katikati. Spring yake ikichoka, stendi inashuka kwenye matuta na kuchimba moramu katikati ya kona. Ifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, au itoe kabisa kwa siku hiyo.

Mzigo wa Kulia

Kwa wanaohama kutoka boda kwenda Vespa: injini ya PX haiko katikati, iko upande wa kulia. Chombo kinakaa kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Kona ya kushoto na ya kulia hazifanani, na wakati wa kufunga breki kwa ghafla kwenye changarawe nyuma inaponyoka kwa namna yake. Dereva wa boda anatafuta tangi la kubana kwa magoti, halipo. Kaa mbele ya kiti, bana ubavu wa kiti kwa mapaja, viatu vyote viwili viwe juu ya sakafu, kidole cha mguu wa kulia karibu na pedali ya breki lakini si juu yake. Mguu unaoning'inia nje kama wa mtu wa motokrosi utakanyaga koni.

Koni Tisa

Mama Kota Pini umenikumbusha kiwanja. Hapa niongee kirefu kidogo maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza kibali. Kushindana barabara ya umma bila kibali ni kosa, na msafara wa vyombo vingi bila kuwaambia trafiki ni kujitafutia usumbufu. Andikeni barua mapema kwa polisi, kwa mwenye kiwanja, na ofisi ya kata ipewe nakala.

Kiwanja cha moramu kinaonekana kigumu asubuhi, na mpaka saa 6 mchana juu kunakuwa na changarawe huru, punje ndogo za duara ambazo tairi linapanda kama juu ya njugu mawe. Fagieni mstari wa mbio kwa fagio ngumu kila baada ya vyombo 10 hivi. Nyunyizieni maji nusu saa kabla ya kuanza, si dakika 5. Maji mapya yanatengeneza utelezi, yaliyoingia yanashika vumbi. Na tembeeni njia yote kwa miguu. Ardhi yetu ni ya mawe. Jiwe la ukubwa wa ngumi lililochungulia sentimita 3 linatosha kupinda rimu ya inchi 10, wakati pikipiki ya rimu 17 inalivuka bila habari.

Upepo wa ziwa unaanza kuja nchi kavu mchana. Mbio za muda wekeni asubuhi, mpaka saa 5. Watazamaji wakae upande upepo unakotoka, la sivyo mchana mzima wanakula vumbi na hawaoni kitu.

Vizuizi vya kona: sahauni nyasi zilizofungwa marobota, huku hazipatikani kirahisi. Mashine za kukoboa mpunga zinatupa pumba kwa marundo. Magunia ya pumba, yaliyojazwa robo tatu ili yabonyee, yapangwe mawili mawili kwa urefu. Yakijazwa mpaka kushona yanakuwa magumu kama ukuta. Mchanga usithubutu. Matairi ya zamani ni sawa, ila yafungwe kamba pamoja, tairi moja moja linaruka na kumfuata dereva.

Umbali wa kusimama baada ya mstari wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mbio za kunyooka za mita 150, chombo kinaweza kumaliza kikiwa na 80 kwa saa, ambayo ni mita 22 kwa sekunde. Dereva anachelewa sekunde 1 kushika breki, mita 22 zimekwenda. Kwenye moramu, kwa breki za dramu, hesabu mita 60 au zaidi za kusimama kwenyewe. Jumla 82 au zaidi, na hiyo ni kwa aliyefanya kila kitu sawa. Wekeni mita 150 tupu. Kiwanja kisipotosha, fupisheni mbio zenyewe, msifupishe sehemu ya kusimama.

Mbio za koni: koni 9, mita 5 kati ya moja na nyingine kwa Vespa. Anayeanza anapewa mita 6. Kugusa koni ni sekunde 2, kukosa geti ni sekunde 10, kuweka mguu chini sekunde 1. Chora duara la chokaa chini ya kila koni. Koni ikitoka nje ya duara ndiyo imeguswa. Bila duara mnatumia mchana mzima kubishana.

Stopwochi

Kuhusu muda, kosa kubwa ni la anayeanzisha saa kwa kusikia filimbi. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 150 kutoka kwa mpiga filimbi, inakufikia ikiwa imechelewa sekunde 0.4, na mbio za kunyooka zinaamuliwa kwa chini ya hapo. Angalia bendera, usisikilize.

Mtu mmoja aanzishe na kusimamisha saa hiyohiyo. Mkono wake una uchelewaji wake, lakini ukiwa uleule mwanzo na mwisho unajifuta. Wekeni watu 3 wenye saa, chukueni muda wa katikati, si wastani. Wastani unavutwa na yule aliyekuwa anaongea na simu. Tofauti ikiwa chini ya sekunde 0.2 kati ya vyombo viwili, rudieni mbio. Saa ya mkono haina haki ya kuamua hapo.

Dumu la Njano

Msafara wa Jumamosi: tangi la PX ni lita 8 pamoja na akiba. Kabla ya kuondoka hakikisha koki iko kwenye "wazi" na si kwenye akiba, la sivyo utaishiwa bila onyo. Mkipita daraja la Kigongo–Busisi, ni kilomita 3 juu ya maji bila kichaka cha kukinga upepo. Rimu ndogo na ngao ya mbele ya Vespa vinashika upepo wa ubavuni kama tanga. Achaneni mita 15, msikamate mshikio kwa nguvu, na usiwe pembeni ya lori linapoacha kukukinga, pale upepo unakurudia wote kwa mara moja.

Mkifika jioni, msizime na kwenda kula sato tu. Pitisha spana 13 kwenye nati za magurudumu chombo kikiwa bado cha moto. Kaza na nati ya magineti kama ilifunguliwa wiki hiyo. Ikilegea, kibao chake kidogo cha kwenye shafti kinakatika, moto unahama, na chombo kinapiga risasi kwenye ekzosi. Wengi hapo wanalaumu koili.

Sato Mbichi

Swali la mwisho wakuu. Mbio za taratibu, zile za wa mwisho kufika ndiye mshindi. Njia ya mita 20, upana mita 1. Otomatiki inaweza kushindana na Vespa?

Belti 743

Inaweza, kwa breki. Klachi ya otomatiki inashika yenyewe resi ikipanda na kuachia ikishuka, kwa hiyo ukicheza na resi chombo kinaruka na kusimama, na ukisimama unaanguka. Fungua resi kidogo mpaka klachi ishike, iache hapohapo bila kuigusa, halafu kasi yote idhibitiwe na breki ya nyuma. Breki ya mbele usiiguse kabisa, mshikio ukiwa umepinda inakulaza. Shuu za klachi zitachemka, kwa hiyo raundi 2 kisha pumzisha dakika 10.

Kiki Tatu

Vespa: gia ya 1, resi juu kidogo ya sailensa, klachi nusu, breki ya nyuma inagusa. Tazama mwisho wa njia, usitazame gurudumu. Sailensa iongeze robo mzunguko wa skrubu kabla ya kuanza, isizime njiani. Ukimaliza irudishe, maana kwenye mbio za koni itakusukuma kwenye kila kona.